Kabanga Yupo, Mbuyi Eko Wapi?

Katika mji wetu wa Likasi kuna mwanamume ambaye kila akitaja jina lake mbele ya mgeni, huulizwa habari za mtu mwingine. Anaitwa Kabanga. Kwa Waluba wa Kasai mapasa hawachaguliwi majina: anayetangulia kuzaliwa ni Mbuyi, anayemfuata ni Kabanga. Kwa hiyo ukikutana na Kabanga unajua kwamba Mbuyi yuko mahali fulani, na adabu inakutaka umuulizie. "Na Mbuyi eko wapi?" Nimemsikia akiulizwa hivyo sokoni, nimemsikia akiulizwa mlangoni pa kanisa, na siku moja kwenye dirisha la ofisi alikokwenda kuandikisha mtoto wake. Hujibu neno moja tu, "Bado," kisha hugeuza maneno. (Simtoi mtu hadharani kwa kumtaja. Akina Kabanga wamejaa mjini hapa.)

Mbuyi wake alipotea kwenye gare, yaani stesheni ya treni, ya Likasi mwaka 1993, akiwa na miaka 6. Hajaonekana mpaka leo. Hakuna aliyeuona mwili wake, hakuna aliyeleta habari yake, na hakuna ofisi katika nchi hii yenye faili lake.

Mama yao aliishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, mtaani Kikula. Tulimwita Mama Mapasa, na hata sasa sisi wenye mvi tunamwita hivyohivyo. Naandika habari hii kwa sababu yake, na kwa sababu nyingine ambayo nitaisema palepale inapostahili kusemwa.

Vijana wa leo hawafundishwi mambo ya gare, kwa hiyo nitayarudia kidogo. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguza Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Mkoa wetu wakati ule ukiitwa Shaba, na gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza wa chama cha UFERI. Vijana wa chama hicho, JUFERI, walianza kupita nyumba kwa nyumba. Mwezi Agosti na Septemba Likasi iliwaka. Wakasai walipigwa, nyumba zao zikavunjwa au zikachukuliwa na wengine, na walionusurika wakakimbilia kwenye shule na kwenye gare kungoja treni ya kuwapeleka "kwao". Lakini kwao ni wapi, kwa mtu aliyezaliwa Panda, hapahapa Likasi, ambaye baba yake alizaliwa Panda? Wazee wao waliletwa na Union Minière na kampuni ya reli ya BCK kuja kuchimba na kuyeyusha shaba, tangu zama mji ulipoitwa Jadotville. Reli iliyowaleta ndiyo iliyotumiwa kuwaondoa.

Makumi ya maelfu ya watu walikaa kwenye gare ile na kandokando yake kwa miezi mingi. Waliishi chini ya mashuka na mabati yaliyotobokatoboka, mvua ikiwanyeshea, na surua na kuhara vikamaliza watoto. Machi 1993 moto uleule ukafika Kolwezi. Kwa jumla waliofukuzwa katika mkoa mzima walikuwa mamia ya maelfu. Treni zilikuja kwa nadra, zikajazwa mpaka juu ya paa, kisha zikaburuta siku nyingi kupitia Tenke, Bukama na Kamina hadi Mwene-Ditu, zikisimama porini kila mara. Waliokufa njiani walizikwa kando ya reli.

Kulikuwa na neno. Wakasai waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Mimi si wa Kasai. Kwetu tulibaki ndani ya nyumba yetu, mlango umefungwa, tukichungulia watu wakipita na magodoro kichwani. Nilikuwa na miaka 10. Niliimba neno hilo barabarani pamoja na watoto wenzangu, na Mbuyi na Kabanga walikuwa wakicheza nasi mpira wa matambara wiki chache kabla. Hiyo ndiyo sababu yangu ya pili ya kuandika. Mtoto akiitwa mdudu, hakuna atakayeona haja ya kumwandika kwenye daftari siku atakapopotea.

Mama Mapasa alinisimulia usiku ule mara moja tu, miaka mingi baadaye, mikono yake ikichambua sombe. Treni ilifika usiku bila taarifa. Gare nzima ikainuka. Watu walipitisha watoto kwenye madirisha ya mabehewa kwa sababu milango haikupitika. Mume wake alikwisha kuingia, amenyoosha mikono kutoka ndani. Akamnyanyua Kabanga, akampitisha. Alipogeuka kumchukua Mbuyi, aliyekuwa ameshika kikwembe chake kwa nyuma, akakuta mkono mwingine umeshika kikwembe, mkono wa mtoto wa watu, msichana asiyemjua. Akaita. Kila mtu alikuwa akiita. Treni ikaanza kusogea, mume wake akamshika mkono kutoka juu, na yeye akapanda.

"Ni miye njo nilipanda," aliniambia. Hakusema treni ilimchukua, wala mume wake alimvuta.

Nimesoma kwamba mtaalamu mmoja wa Marekani, Pauline Boss, alianza miaka ya 1970 kuzichunguza familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, akaona kwamba msiba wa namna hiyo hauendi kama misiba mingine. Mtu hayupo, na bado yupo. Moyo hauwezi kufunga hesabu ambayo haikuletwa. Wazo hilo alilipa jina na vitabu, na naliheshimu. Lakini Likasi watu walikuwa wamekwisha kulijua bila kitabu, kwa sababu kwetu kifo kina kazi zake: kuna kilio, watu hulala nje ya nyumba siku kadhaa, moto hukokwa, wajomba hukaa kusema mambo yaliyofichwa, na mwishowe kilio huondolewa, mjane huvaa nguo nyingine na maisha hushika njia. Aliyepotea hana siku ya kuanza kilio. Na kilio kisichoanzishwa hakiwezi kuondolewa.

Ndicho kilichowagawa wazazi wale wawili. Walipofika Mwene-Ditu, baba wa mapasa alikaa mwaka mmoja, kisha akasema mtoto aliliwe, watu wapumzike. Hakuwa mtu wa moyo mgumu. Nadhani alikuwa anazama na alitafuta mahali pa kukanyaga. Mama akakataa. Alisema hawezi kumlilia mtu ambaye labda usiku huo ana njaa mahali fulani na anamwita. Tangu siku hiyo, katika nyumba moja, mmoja aliishi na mtoto aliyekufa na mwingine na mtoto aliye hai. Mtoto huyo ni mmoja. Baba alifariki huko Kasai kabla hawajakubaliana, na mama akarudi Likasi baada ya vita vya 1996 na 1997, Mobutu alipokwisha kuanguka na Wakasai wengi wakaanza kurejea. Wengine walirejea kwa ajili ya kazi na nyumba. Yeye alirejea kwa sababu Mbuyi hakuwahi kuijua Mwene-Ditu. Kama yu hai na anakumbuka, njia anayoikumbuka ni ya Kikula. Nyumba yao alikuta ina watu wengine. Akapanga chumba ng'ambo ya barabara, mlango ukielekea mlango wa zamani, na hajahama. Wanawe wengine wamempa nafasi Lubumbashi, kwenye nyumba yenye maji na umeme. Hataki hata kusikia.

Na Kabanga? Watu hufikiri waliopotea huwaumiza wazazi peke yao. Kabanga alikua akiwa aliyepitishwa dirishani kwanza. Hakuna aliyemwambia kwamba ni kosa lake, na hakuna aliyehitaji kumwambia. Hakuruhusiwa kuogelea, hakuruhusiwa safari ya shule, na alipopata kazi Kolwezi mama aliugua mpaka akaiacha. Kila alipofaulu mtihani, mama alifurahi, kisha akanyamaza kidogo, na Kabanga alijua kunyamaza kule ni kwa ajili ya nani. Alipozaa mtoto wake wa kwanza wa kiume alitaka kumpa jina la Mbuyi, awe ndoyi wa ndugu yake. Mama aliona jina hilo likirithishwa ni sawa na udongo kumwagwa kaburini. Mtoto akaitwa jina jingine.

Kuna pia wale wanaokula kwenye jeraha hilo. Mganga mmoja alisema mtoto yuko Zambia. Nabii mmoja wa kanisa la uwanjani alisema yuko Angola, anavaa shati la buluu. Kila jibu lilikuwa na bei, na kila bei ililipwa, mara kwa mbuzi, mara kwa mashine ya kushonea. Sitamcheka mama anayenunua jibu. Jibu la bure lingetoka serikalini, na serikali haikutoa lolote.

Hapa ndipo nina neno. Tumezoea kusema watoto wale walipotea kwa sababu ya fujo, kana kwamba fujo ni mvua. Mimi nasema walipotea mara mbili, na mara ya pili haikuwa usiku wala haikuwa na kelele: ni pale ambapo hakuna mtu aliyefungua daftari. Sensa ya mwisho ya nchi hii ilifanyika mwaka 1984. Mbuyi alizaliwa baada ya hapo. Kwa hesabu ya taifa hakuwahi kuingia, basi nani angeona ametoka? Na tusidhani hayo ni ya zamani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2013 na 2014 ulikuta kwamba kiasi cha robo tu ya watoto walio chini ya miaka 5 walikuwa wameandikishwa kuzaliwa kwao. Watoto wanaotoka nyumbani leo kwenda kuokota madini kwenye mashimo ya Kolwezi na wasirudi, wengi wao hawana hata karatasi ya kuonyesha kwamba walikuwepo. Shimo likiporomoka, wachimbaji huhesabiana kwa majina ya utani.

Tuna sheria. Kanuni ya Familia ya 1987 ina sura yake kuhusu mtu asiyejulikana alipo, lakini nikiisoma naona imewaza zaidi mali yake nani aitunze na mke wake afanye nini. Mtoto wa miaka 6 hana mali wala mke. Kwa hiyo hakuna anayekwenda mahakamani kwa ajili yake. Kuna sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, iliyo nzuri, iliyoweka mahakama za watoto na kuwalinda wote walio chini ya miaka 18. Kabla haijafikisha miaka 10, Mbuyi na wenzake wa gare, kama wako hai, walikuwa wamekwisha kupita 30. Hawa ni watu wazima sasa. Hakuna ofisi inayomtafuta mtu mzima aliyepotea akiwa mtoto.

Na kuwatafuta waliopotea kunawezekana. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, mashirika yalipiga picha watoto waliotengana na wazazi, picha zikatundikwa kambini na vijijini, na wazazi walisimama mbele yake wakisoma uso baada ya uso. Makumi ya maelfu ya watoto walirudishwa kwa ndugu zao. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na watu wa Goma wakakimbia usiku, UNICEF ilitangaza kesho yake kwamba watoto zaidi ya 150 wametengana na familia na wengine zaidi ya 170 wanahofiwa kupotea. Msalaba Mwekundu na wenzao wakaweka vituo njiani, wakaandika majina, na siku zilizofuata watoto wengi waliungana na wazazi. Kilichowarudisha ni kalamu na mtu wa kukaa mezani. Gare ya Likasi ilikuwa na askari, ilikuwa na wauza maji. Meza yenye kalamu ilikuwa muhimu kuliko vyote, na Mama Mapasa hakuiona Likasi wala Mwene-Ditu.

Ubelgiji, ambayo tunaijua vizuri kuliko inavyotujua, iliona wasichana wawili, Julie na Mélissa, wakitoweka mwaka 1995, na miili yao ikapatikana Agosti 1996. Tarehe 20 Oktoba 1996 watu wapatao 300,000 waliandamana Brussels wamevaa nyeupe, na baadaye kikaanzishwa kituo cha kutafuta watoto waliopotea. Mwezi uleule wa Oktoba vita vilifunguka mashariki mwa nchi yetu, na watoto wakatawanyika msituni. Sisemi hivi kwa wivu juu ya huzuni ya wengine. Wazazi wale waliteseka, na waliitendea nchi yao haki kwa kuilazimisha isilale.

Halafu kuna hukumu ya tarehe 2 Desemba 2024. Mahakama ya rufaa ya Brussels ilisema kwamba serikali ya Ubelgiji ilitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu ilipowanyang'anya akina mama wa Congo watoto wao waliowazaa na Wazungu. Waliofungua kesi ni wanawake watano waliochukuliwa kabla ya kufika miaka 7 na kupelekwa misheni ya Katende, huko Kasai. Walikuwa wamekwisha kupita miaka 70 walipokwenda mahakamani mara ya kwanza, wakashindwa mwaka 2021, wakakata rufaa, wakashinda. Nimeifikiria sana hukumu hiyo. Serikali ya kikoloni iliiba watoto, lakini iliandika. Ilikuwa na barua, amri, orodha za misheni. Maandishi ya mwizi yakawa ushahidi wa walioibiwa. Kwetu hatukuandika, na bado tunafikiri kutoandika kunatufanya tusiwe na hatia.

Lakini kuna maandishi. Hili ndilo ninalotaka viongozi wa Haut-Katanga, mkoa wetu wa sasa, walisikie. Kampuni ya Gécamines, na Union Minière kabla yake, iliwahesabu watoto wa wafanyakazi mmoja mmoja, kwa sababu posho ya unga ilitolewa kwa kadiri ya midomo ya nyumbani. Baba asingepata kilo za watoto wasioandikwa. Mapasa wale walizaliwa hospitali ya kampuni, wakapimwa uzito, wakaandikwa chini ya namba ya kazi ya baba yao. Parokia zina vitabu vya ubatizo. Shule zina madaftari ya mahudhurio, na kuna ukurasa wa Septemba 1992 ambapo nusu ya darasa inaacha kuitikia. Mtu mwenye nia angekaa na vitabu hivyo vitatu, akalinganisha na familia zilizorejea na zilizobaki Kasai, na baada ya mwaka mmoja tungekuwa na orodha ya majina. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wametumia miaka mingi kukusanya kumbukumbu za watu wa kawaida wa Katanga. Njia ya kazi hiyo inajulikana.

Na kuna damu. Nchini Argentina, chini ya utawala wa kijeshi wa 1976 hadi 1983, watoto wapatao 500 walinyang'anywa wazazi wao waliouawa, wakalelewa kwa majina ya uongo. Bibi zao walianza kukusanyika mwaka 1977, wakawauliza wanasayansi kama damu ya bibi inaweza kumtambulisha mjukuu, na mwaka 1987 nchi yao ikaanzisha kwa sheria benki ya kuhifadhi damu hiyo. Wajukuu zaidi ya 130 wamejulikana, wengine wakiwa na miaka zaidi ya 40. Bibi wengi hawakuishi kuona, lakini damu yao ilibaki ikiwangoja. Mama Mapasa ana shinikizo la damu na miguu iliyovimba. Kila mwaka tunazika mmoja au wawili wa wale waliokuwa gare, na wanakwenda na majina, alama za mwili, nguo ya mwisho iliyovaliwa, yote.

Najua kuna watakaosema tusifukue mambo, kwamba tunaishi pamoja sasa, tunaoana, na Kyungu mwenyewe alifariki Agosti 2021. Ni kweli tunaoana. Mke wangu ni wa Kasai. Lakini nani anatuliza mji kwa kunyamaza? Wanaonyamaza ni sisi tuliobaki ndani. Mama yule hajanyamaza hata siku moja. Ni vile tu haongei kwa sauti.

Mbuyi ana alama. Akiwa na miaka 4 alianguka kwenye makaa ya mbabula, akaungua goti la kushoto, na kovu likakaa kama jani la mhogo lililokunjwa. Mtu mzima huvaa suruali. Goti lake huwezi kuliona barabarani. Kwa hiyo Mama Mapasa, ambaye hajui sheria moja ya mpira, huenda uwanjani kila Jumapili alasiri. Zamani, aliporejea, alisimama kwenye mechi za vijana wadogo. Baadaye akahamia kwa wakubwa. Miaka hii huenda kuangalia timu za wakongwe, wanaume wenye vitambi wanaocheza dakika 30 kisha wakakaa kunywa. Huchukua kigoda chake, hukaa karibu na mstari upande ambao timu ngeni hupita kuingia, hasa timu ikitoka mbali, Kamina au Kolwezi. Hasalimii mtu wakati huo.

Jumapili iliyopita nilikaa karibu naye. Timu ya wageni ilitoka Fungurume. Walipita mmoja mmoja, kumi na mmoja na wa akiba watano, na kichwa chake kilishuka na kupanda kidogo kwa kila mmoja, kama mtu anayehesabu magunia. Wa mwisho alikuwa amefunga bandeji kwenye goti la kushoto. Mama aliinuka. Alimfuata yule mtu taratibu mpaka penye maji, akamgusa kiwiko, akamwambia jambo nisilolisikia. Yule bwana alimtazama, akainama, akaanza kuifungua bandeji.